Gari linalofunga breki lenyewe

Desemba ya Marangu mnaijua. Kila aliyeko Dar, Arusha au Mwanza anarudi kwa wazee, na magari yanapanda kutoka Himo kama siafu. Siku hizi kwenye vikao vya mbege kuna sifa mpya: "Hili langu likiona mtu mbele, linafunga breki lenyewe."

Kweli linafunga. Ila mimi nauliza: linamwona nani, wapi, na saa ngapi?

Mfumo huo hutumia kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele, mara nyingi pamoja na rada. Si mzaha, maana tangu Julai 2024 Umoja wa Ulaya unadai kila gari jipya linalouzwa huko liwe na breki za dharura zinazojifunga zenyewe. Mwaka 2022, IIHS, taasisi ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima, ilitoa utafiti kuhusu magari yenye mfumo wa kutambua waenda kwa miguu. Ajali za kuwagonga zilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko kwa magari yasiyo nao. Lakini gizani, pasipo na taa za barabarani, nafuu hiyo haikuonekana.

Sasa teremka nami kutoka Marangu Mtoni saa mbili usiku. Ukishaacha taa za maduka, ni giza na migomba. Ukungu umeshuka. Kuna mama anatoka gulioni, mkungu wa ndizi kichwani, na pembeni hakuna njia ya miguu. Huyo ndiye tunayetaka gari limwone, na hapo ndipo kamera inapochoka.

Halafu magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Kioo cha mbele kikipasuka tunabadilisha gereji yoyote, wakati kamera hutakiwa kupimwa na kuelekezwa upya. Nilimuuliza fundi mmoja mjini Moshi kama hufanya kazi hiyo. Akanijibu kwa swali: "Kwani kamera nayo inapimwa?"

Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Ukifungua swichi, taa za ABS na eabegi kwenye dashibodi ziwake sekunde chache, kisha zizime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, shtuka zaidi: huenda kuna mtu kaiua ili gari liuzike.

Na mteremko je? ABS huzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki ghafla. Haipozi breki zilizoungua kwa kukanyagwa njia nzima hadi Himo. Hapo dawa ni gia ndogo.

Mama yangu hupita barabara ile kwa miguu karibu kila jioni. Wewe unayekuja na gari lenye macho, karibu sana nyumbani. Ila njoo na macho yako pia, na ukifika penye giza, punguza mwendo.