Mpira Uliopita Katikati

Ndugu msomaji, usistaajabu kumwona mwalimu wa chuo, mzee aliyezowea msahafu na ubao, akikuletea habari za tenisi. Mimi sikupata kuushika mchezo huo. Ujanani mwangu huko pwani tuliuhesabu kuwa ni wa mabwana wa bomani, wavaao kaptula nyeupe. Lakini liko deni nililolibeba miaka 24, nami nililikopa uwanjani, mjini Mbeya. Habari zake siwezi kukueleza bila ya kukueleza na mchezo wenyewe.

Kwetu ni pwani, ila riziki yangu niliandikiwa juu, Iringa, na huko ndiko nilikosomesha umri wangu mwingi. Wewe uliyekulia penye minazi huijui baridi mpaka uupande mlima kutoka Ipogolo kuingia mjini mwezi wa Julai, kisha uamke alfajiri utie udhu. Maji yale yanachoma kama sindano.

Mwaka 1998 walikuwako chuoni kwangu vijana wawili ambao shuleni kwao walijifunza tenisi, katika kiwanja cha saruji chenye nyufa, wavu wake umeungwa kwa kamba za katani. Mmoja mrefu, mwenye nguvu, mtoto wa mfanyabiashara. Wa pili mfupi, yatima, akilelewa na bibi yake aliyekuwa akiuza maandazi. Walipoalikwa kwenda kushindana na vijana wenzao wa Mbeya, wazee waliniomba nifuatane nao. Tukapanda basi, tukapita Mafinga, Makambako, Chimala na Uyole, hata tukashuka Mbeya chini ya mlima Loleza, magoti yamekufa ganzi.

Walicheza ule mchezo wa wawili kwa wawili. Hapo uwanja hupanuliwa: kila ubavu huongezwa mita 1.37, ukafika upana wa mita 10.97. Mtu atadhani hatari iko pembeni huko kulikoongezwa. La! Mpira unaowashinda wenza mara nyingi ni ule unaopita katikati yao, kila mmoja akimwachia mwenziwe. Nao ndio uliowashinda vijana wangu. Ulipita baina yao wote wawili wamesimama kama nguzo. Kisha ikaja zamu ya yule mfupi kuanzisha mpira, akaupiga wavuni. Akapewa wa pili kama ilivyo kanuni, nao akaupiga wavuni. Mchezo ukaisha.

Yule mrefu akaitupa raketi chini, akasema mbele ya watu, "Nimeshindwa kwa sababu yako." Kisha akanigeukia mimi: "Sivyo, Maalim?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Ndugu msomaji, nakuambia kweli kwa kuwa uzee hauna haja ya kujipamba. Sikuitikia kwa sababu niliyaamini maneno yale. Mpira wa katikati nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Niliitikia kwa kuwa baba wa yule mrefu ndiye aliyekuwa akitununulia mikeka na mafuta ya taa ya chuo. Ilikuwa ni kichwa tu, wala ulimi haukusema neno, na kwa muda mrefu nilijiliwaza kwa hilo.

Yule mfupi alirudi Iringa ameegemea dirisha la basi. Chuoni alikuja siku chache tu, kisha asije tena, naye alikuwa amekwisha hifadhi juzuu tatu. Bibi yake alipofariki akauhama mji. Na mimi kila Ramadhani nikiketi kuwasomea watu kwamba haki ya mja haifutiki mpaka uombe radhi kwa mwenyewe.

Basi Julai ya mwaka 2022 mjukuu wangu akaniletea simu yake. Akanionyesha msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, aliyeshinda pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp mashindano ya wasichana wawili wawili huko Wimbledon, Uingereza. Hakuna Mkenya aliyepata kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa kama hayo kabla yake. Seti ya kwanza walishindwa 3 kwa 6, ya pili wakaipata 6 kwa 4, na kwa kuwa badala ya seti ya tatu hukimbilia pointi 10 kwa tofauti ya 2, wakamaliza kwa 11 kwa 9. Nikaona kuwa desturi ya wenza ni kugusana viganja baada ya kila pointi, iliyopatikana na iliyopotea. Iliyopotea pia! Kisha mjukuu akanisomea kuwa msichana yule mama yake alifariki katika kumzaa, akalelewa na bibi yake. Nikamrudishia simu, nikatoka nje.

Usiku nikamwuliza: je, na wavulana? Akanieleza kuwa Wimbledon huwashindanisha wavulana wawili wawili tangu mwaka 1982, akanipa kisa cha 2015. Mwaka ule Reilly Opelka wa Marekani, kijana wa kimo cha zaidi ya mita 2, alikuwa bingwa wa wavulana wachezao peke yao. Aliyemshinda katika fainali ni Mikael Ymer wa Uswidi, ambaye wazazi wake ni Wahabeshi. Lakini Opelka huyo huyo, alipoingia fainali ya wawili pamoja na Akira Santillan, walishindwa na Sumit Nagal wa India na Ly Hoang Nam wa Vietnam, vijana wasiochangia hata lugha ya mama. Naye Ymer mwaka 2016 alilipata taji la wawili mjini Stockholm, akiwa na kaka yake Elias. Nikamkumbuka mrefu wangu, ambaye wote tulimhesabu kuwa ndiye mchezaji.

Wiki ile ile nikaulizia, nikaambiwa yupo Makambako. Nikapanda basi. Nilimkuta karibu na njia panda iendayo Songea, akiziba pancha ya lori, ndevu zimeanza mvi. Alinijua kabla sijatoa salamu. Akanawa mikono, akaniwekea kigoda, akaagiza chai. Nikamweleza yote, na mikeka nikamweleza, na mafuta ya taa.

Akanyamaza kwa muda, akiigeuzageuza ile tairi.

"Maalim," akasema, "ule mpira wa katikati ulikuwa wangu. Mwenzangu hajambo lakini?"