Lebo juu ya mwandiko wa baba

Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Mbugangari kwa shangazi. Kwake kuna kitabu cha hesabu cha marehemu baba, chenye jalada la karatasi. Tulikiacha pale Januari 2002, tulipokimbia moto wa Nyiragongo. Sisi tulirudi Goma, kitabu kikabaki. Mwaka 2012 vita ikatuvusha tena mpaka.

Kwenye jalada baba aliandika tarehe tulizozaliwa watoto wote. Vyeti viliungua pamoja na nyumba. Mdogo wangu ameandikishwa 1 Januari, na wengi wenu mnajua hiyo 1 Januari inatoka wapi.

Kumbe binamu alikitumia shuleni, wakabandika lebo mbili palepale juu ya mwandiko! Ya chini ni karatasi na gundi ya unga, ya juu ni zile za dukani zinazonata zenyewe.

Mimi kwa pupa nikavuta kwa kucha. Ikatoka na ngozi ya jalada. Shangazi akanipiga mkono: "Wee, acha!"

Basi tukaenda polepole. Ile ya dukani inalegea kwa joto: pasi ya makaa isiyo kali, juu ya kitambaa kikavu, halafu unaivuta ukiilaza nyuma, usiinyanyue. Mafuta ya taa msijaribu, yanaacha doa. Ya unga inataka maji, lakini maji mengi yanaharibu jalada. Kwanza tuligusa herufi moja kwa pamba yenye unyevu, kuona kama wino unatoka. Ulikuwa wa biki, haukutoka. Shangazi akapika uji mzito wa unga wa muhogo, ulipopoa akaupaka juu ya lebo tu. Uji unashika maji, unayaachia kidogo kidogo. Baada ya nusu saa hivi lebo ikateleza kwa kisu butu. Tukafuta uji wote, maana mende wanaupenda, tukakausha jalada kati ya vitambaa na jiwe juu.

Mwandiko wa baba ukatokea. Jina la mdogo wangu, mwezi wa tisa, 1998. Siku inaanza na 1, halafu kuna tundu pale kucha yangu ilipopita. Mama anasema ni 14, shangazi anashikilia 17. Mdogo wangu anauliza ni nani alirarua. Nilikuwa sijamwambia, sasa atasoma humu.