Mafuta ya Nazi: Tuyapake, Kisha Tuyaoshe

Akina mama wenzetu, Jumamosi jioni tunapowasuka binti zetu tayari kwa ibada, mafuta ya nazi hayakosi mkekani. Ni mafuta mazuri. Huingia ndani ya unywele na kuupunguzia kuchakaa wakati wa kuosha. Lakini tukiyapaka wiki hadi wiki bila kuyatoa, hunasa vumbi, na mba huzidi.

Tunapoyaosha, tuanze kwa shampuu kidogo juu ya mafuta, kabla ya maji mengi. Tusugue kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kisha tusuuze kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi huyagandisha.

Kichwa kikiwa safi, tukikague. Kliniki tunaletewa watoto ambao mafuta yameficha mapunye hadi nywele zimekatika mabaka mabaka. Mapunye hayaponi kwa mafuta. Yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na kitana kisitumiwe na wengine. Mama asione haya, wala asimfunike mtoto kitambaa. Ampeleke mapema; akitibiwa, kwa kawaida nywele huota tena.