Jembe Si Adhabu



Katika skuli nyingi, mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele hupewa jembe akalime, na aliyefaulu hupewa daftari na kalamu. Kwa miaka mingi tumemfundisha mtoto, bila kutamka neno, kwamba udongo ni adhabu na kwamba elimu ni njia ya kuukimbia. Kisha akikua, twamlaumu kwa kuliuza shamba la babake.

Tuliyafikiri hayo tulipozuru skuli moja ya mashambani karibu na Kabati, ile iliyo magharibi ya Kaunti ya Kitui, wala si Kabati ya Murang'a. Nchi ile ni kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na wakulima hutegemea zaidi ile ya vuli, baina ya Oktoba na Disemba. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya, na Ukambani haukusalimika.

Hata hivyo, tulikuta sukuma wiki, mchicha na kunde zimestawi. Badala ya kuinua matuta, watoto walikuwa wamechimba vitaru vilivyodidimia, ili kila tone la maji libaki shinani. Juu ya udongo wametandaza nyasi kavu kuuzuilia jua. Mbolea yao ni samadi ya mbuzi iliyooza pamoja na majani. Dawa yao ni majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kurowekwa. Hakuna kilichonunuliwa dukani. Tulimwuliza binti mmoja kwa nini anayanyunyizia majani majivu. "Wadudu hawapendi majivu, mwalimu," akajibu, akaendelea na kazi yake. Hakuwa ameadhibiwa.

Jambo hili si geni nchini. Vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, viliwahi kuenea katika skuli zetu, vikafifia, na serikali ikavifufua mwaka 2021. Lakini kufufua jina ni kwepesi. Kuifufua bustani kunahitaji uadilifu, na hapo ndipo penye mtihani.

Maji ya bustani ile huletwa na watoto wenyewe, kila mmoja na kidumu chake kutoka nyumbani. Katika nchi ambayo mama huamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto uliokauka ili apate maji, kidumu hicho si kitu kidogo. Basi ni nani anayestahili kuzila mboga zile? Huko Kabati tuliziona zikitiwa katika chungu cha maharagwe na mahindi ya watoto. Kwingineko tumeona bustani zilizomwagiliwa na watoto, mavuno yake yakaishia jikoni kwa wakubwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Hakumtenga mfanyakazi aliye mdogo. Mtoto akila alichokipanda, jembe huwa ni elimu. Akinyimwa, hurudi kuwa adhabu.

Jambo la pili ni likizo. Skuli ikifungwa mwezi mmoja pasi na mtu wa kumwagilia, kazi ya muhula mzima hukauka. Wazazi wa pale wamegawana zamu kwa vijiji. Hilo halikuhitaji fedha, lilihitaji makubaliano.

Sasa tujitazame sisi wa pwani. Madrasa zetu nyingi zina kiwanja kitupu, na ubavuni mwake msikiti ambao maji ya udhu humwagika mara tano kwa siku, yakaishia mferejini. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji machache yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara, ingawa hayatoharishi tena. Hayafai kwa udhu mwingine, lakini mchicha, bamia na mnavu havitayakataa. Watoto wa Kabati hubeba kwa kichwa kile ambacho sisi twakiacha kipite.

Tumesomeshwa kwamba Muislamu akipanda mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Twawahimiza watoto watoe sadaka ilhali mifuko yao ni mitupu. Hii hapa sadaka isiyohitaji mfuko: mbegu, samadi, na maji tuliyokuwa tukiyamwaga.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazazi mambo matatu. Mtoto asipewe jembe kwa kosa. Mavuno yafike kwanza katika sahani yake. Na zamu za likizo zipangwe kabla ya mbegu kutiwa ardhini.

Mwenyezi Mungu atubarikie watoto wetu na ardhi yetu, na awateremshie ndugu zetu wa Kitui mvua yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.