Chambo cha kambale

Vijana wa kikundi changu hapa Nakivale wanabishana sana juu ya chambo. Ndoana tunatoa Mbarara. Chambo kinategemea samaki. Ngege umpe nyambo mdogo ao kidonge cha ugali, kwa ndoana ndogo. Kambale ni mwingine kabisa: anatafuta kwa kunusa na kwa zile sharubu, basi mpe utumbo wa kuku, ukinuka ndiyo vizuri. Shida, kambale anakula usiku, na usiku viboko wanatoka ziwani kula majani.

Tangu mgao upunguzwe, hata watoto wa miaka 12 wananiuliza saa nzuri. Nasema saa kumi na moja jioni, giza likukute nyumbani. Mmoja akanijibu, "Kaka, mama hakuuliza saa, aliuliza samaki." Nikamgawia nyambo zangu, tukashuka wote kungali jua.