Kapita na Kapaka Kageni

Musicheke. Katika namba iliyopita wenzetu waliandika juu ya mashindano ya mupira na juu ya usafi wa vyoo, na sisi tulisoma yote kwa furaha. Leo tunaandika juu ya paka. Nyumba nyingi za hapa Mbau ziko na paka mumoja. Siku moja mutaleta wa pili, na mutafanya kosa lilelile tulilofanya sisi.

Kwetu kuna paka-jike mukubwa, jina lake Kapita. Baba alimupa jina hilo kwa sababu kila asubui anazunguka magunia kama kapita wa zamani akihesabu watu wa kazi. Paka huyu si pambo la nyumba. Katika chumba cha nyuma tunaweka mupunga, na wakati wa mavuno tunaweka humo kakao, ikiisha kufunikwa na majani ya ndizi siku tano ama sita hata ichache, kisha kukaushwa juu ya bashi. Ni ile kakao inayolipa minervali yetu. Panya moja inatosha kutoboa gunia usiku mumoja, na punje zilizoonjwa na panya munuzi anazitupa kando ama anashusha bei. Mutu akisema "ni paka tu," ujue hajalala katika nyumba yenye kakao.

Mwaka 2021 mutoto wa mama mudogo alifika kwetu kutoka upande wa Mamove. Muko munajua sababu. Tangu mwezi wa 10 wa mwaka 2014 watu wa vijiji vya Beni wamekuwa wakikimbia, wengine mara tatu, mara ine, na hapa kwetu nyumba nyingi zimekwisha kupokea wageni ama wenyewe wamekwisha kupokelewa kwingine. Mutoto alikuwa na miaka saba. Hakuja na nguo, hakuja na sahani. Alikuja na katoto ka paka ndani ya kikapu, kamefunikwa na kipande cha kitenge. Alikaokota njiani, kwa hiyo alikaita Njiani. Hakutuambia mengine, na mama alitukataza kumuuliza.

Baba yuko na desturi moja. Kila magaribi, mbele ya kufunga mulango, anahesabu watoto kwa sauti. Sisi tulikuwa watano. Zile siku za kwanza alihesabu "watano", akageuka kufunga, kisha akamuona mutoto karibu na ukuta, akaongeza: "na huyu."

Sasa kosa letu. Ile usiku ya kwanza tulimukamata Njiani, tukamuweka chini mbele ya Kapita, katika mwanga wa taa, sisi wote tukisimama pembeni tuone namna watakavyosalimiana. Kapita alivimba, mukia ukawa kama ufagio. Akalaza masikio, akatoa sauti kama sufuria ya moto iliyomwagiwa maji, na mara moja akapiga. Pua ya Njiani ikatoka damu. Yaya wetu akaingiza mukono kati yao, akaumwa. (Wadogo wa mwaka wa kwanza, musikie: ukiumwa na paka, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kwenda hospitali, kwa sababu kichaa cha mbwa kinashika paka pia na kutoka paka kinaingia mutu. Yaya alisema ni kitu kidogo. Mama alimusukuma kwenda. Sindano alizopigwa alihesabu yeye mwenyewe.)

Kapita akaruka dirisha. Usiku tatu hakurudi.

Katika hizo usiku tatu panya walitoboa magunia mawili ya kakao. Baba aliyatoa inje penye mwanga, akatia mukono katika tundu la kwanza, akatia katika tundu la pili, akanyamaza. Baba yetu akinyamaza ni mubaya kuliko akigomba. Mwishoni akasema: "Kale kapaka kaondoke. Hii nyumba iko na paka yake."

Mutoto alikuwa amesimama mulangoni. Hakulia. Aliingia, akachukua kitenge chake, akamuweka Njiani ndani ya kikapu, akaenda kukaa kando ya barabara kama mutu anayengojea gari. Tulimufuata tukamuuliza unafanya nini. Akajibu: "Baba mukubwa amesema tuondoke."

Alisema *tuondoke*. Baba alikuwa nyuma yetu, akasikia.

Alikaa kidogo, kisha akasema: "Siku kumi na ine. Kama Kapita hakai tena katika nyumba yake kwa amani, nitakatafutia kwingine kale kapaka. Kapaka, si wewe. Rudi ndani."

Siku ya ine Kapita alirudi, mbavu zikionekana. Sisi tulikuwa tumekwisha kutafuta shauri. Mwalimu wetu wa biolojia alituambia kwamba paka anajua nyumba yake kwa pua kuliko kwa macho. Iko na tezi kwenye mashavu. Anapojipangusa kwenye muguu wa meza ama kwenye muguu wako, anaandika kwa harufu kwamba hiki ni changu. Kitu kinachoingia bila ile harufu ni mwizi. Wazazi wake wa zamani ni paka wa pori wa Afrika na wa Mashariki ya Karibu, ambao kila mumoja anawinda peke yake. Walikaribia watu kwa ajili ya panya waliokula nafaka. Katika kisiwa cha Kipro wachunguzi walikuta paka amezikwa kando ya mutu, kaburi la miaka karibu 9,500, na habari yake ilitangazwa mwaka 2004. Kwa hiyo paka na gunia ni urafiki wa zamani sana. Paka na paka mugeni, hapana.

Koko alisikiliza yote haya, akacheka. "Kuku mugeni munamufunga kamba ku muguu hata azoee kiwanja. Juu ya nini paka munamutupa tu katikati ya batu?" Hatukuwa na jibu.

Basi tulianza upya. Njiani aliwekwa katika chumba cha wasichana, pamoja na mutoto, mulango umefungwa. Tulimupa karatoni ya sabuni ya kulalia, na nyingine yenye mchanga na majivu kwa haja yake. Nyumba yote iliyobaki ilikuwa ya Kapita, na hatukumunyima kitu: gunia lake, dirisha lake, nafasi yake kando ya jiko. Kila asubui mutoto alipangusa mashavu ya Njiani kwa kipande cha kitenge, nasi tulikiweka karibu na sahani ya Kapita. Siku ya kwanza Kapita alikinusa akafungua kinywa kama mutu aliyekunywa dawa chungu, akaenda zake bila kula. Siku ya tatu alikula. Siku ya tano alilala karibu nacho, lakini si juu yake. Kitambaa cha Kapita nacho kilienda kwa Njiani; yeye alikilalia tangu saa ya kwanza, hana kiburi.

Mulango wetu ni wa mbao na chini uko na nafasi ya vidole viwili. Tulipika bugali na vichwa vya ndakala, sahani moja huku, moja kule, mbali na mulango. Kila siku tulizisogeza kidogo. Kapita akinguruma, tulirudisha sahani yake nyuma. Hapo ndipo wengi wanachoka. Jirani mumoja alitushauri tumupige Kapita fimbo kila akinguruma. Sisi tunakataa kabisa. Ukimupiga, atajifunza tu kwamba pale Njiani alipo pako maumivu. Kunguruma ni kusema "kaa pale pale", na Njiani, pamoja na udogo wake, alielewa kuliko sisi. Kitu cha kuogopa ni kingine: masikio kulala kabisa nyuma, tumbo chini, na kumufukuza mwenzake bila kumwachia pa kujificha.

Siku ya kumi na mbili tulifungua mulango upana wa mukono, wakati wa kula, watu wote wamekaa, hakuna kusimama kuangalia kama kwenye mupira. Mutoto alikaa chini kati yao. Kapita alimuangalia Njiani, akageuza kichwa, akaendelea kula.

Siku ya kumi na ine bado alinguruma. Tuliogopa sana kumuangalia baba. Baba alipita, akaona sahani mbili ziko hatua mbili tu mbali, akaenda kuketi na redio yake. Hakuuliza siku.

Musidhani wamekuwa ndugu. Hawalali pamoja. Njiani akicheza na mukia wa Kapita anapigwa kofi, lakini kucha ziko ndani, nasi tunacheka. Kapita iko juu ya gunia, Njiani iko chini kwenye karatoni. Panya wamepungua tena. Tena mutoto ameanza kusema usiku, mbele ya kulala, kwanza kwa Njiani, kisha kwetu. Na yale anayosema hatutayaandika hapa.

Karibu juma la tatu, magaribi moja, mvua ilikuwa inakuja na baba alikuwa na haraka ya kufunga. Alisimama mulangoni akihesabu kwa kidole kama kawaida. Alipofika kwa mutoto hakugeuka, hakusimama.

"Sita," akasema. Kisha akaangalia juu ya gunia, akaangalia kwenye karatoni. "Na paka mbili. Mufunge."