Siri Aliyopewa Mtazamaji

Watu wengi hudhani kuwa picha ya sinema ya kusisimua humteka mtazamaji kwa mshindo. Mimi naona humteka kwa siri. Katika Touch of Evil, picha ya Orson Welles ya mwaka 1958, mikono ya mtu yaonekana ikitega saa ya bomu. Bomu latiwa katika buti la motokaa. Mara mwanamume wa makamo na mwanamke kijana waingia, waondoka. Kwa dakika 3 na zaidi, bila ya picha kukatwa, motokaa yapita polepole kati ya watu kuelekea mpaka wa Meksiko na Marekani. Mume na mke waliooana karibuni watembea karibu nayo, wakizungumza. Mwanamke wa motokaani alalamika kuwa asikia mlio wa saa kichwani, wala hapana amjaliye. Sisi twajua, wao hawajui. Mshindo ungalitushtua kwa nukta moja; siri yatutesa dakika zote. Kujua bila ya uwezo wa kuonya ni mzigo, na aliyetwikwa haondoki kitini. Mlipuko ujapo, moyo hushtuka, kisha hupumua. Naye aliyeingia kutafuta burudani hujiona amekuwa shahidi.